Virginia, kampuni iliyokosa vibarua

Wamarekani wakianza kusimulia nchi yao ilivyoanza, mara nyingi wanakupeleka Plymouth, mwaka 1620, meli ya Mayflower, watu wa dini waliochoka kubughudhiwa kwao, wakavuka bahari, wakavuna, wakakaa mezani na wenyeji wakamshukuru Mungu. Hadithi tamu, ila inaruka miaka 13. Waingereza walishafika Jamestown, kule Virginia, tangu Mei 1607, na hao wa Jamestown hawakuwa wanakimbia kitu. Walitumwa na kampuni, Kampuni ya Virginia. Kampuni yenye hisa, wenye hisa wamekaa London wanasubiri faida, na hati ya mfalme James wa Kwanza ya mwaka 1606 wanayo mkononi.

Mimi naona ukianzia hapo mambo mengi ya Marekani yanaeleweka haraka, pamoja na hili la ubaguzi wa rangi ambalo watu wanalijadili kama vile lilishuka na mvua. Kampuni ile ilikuwa na kitendawili kimoja tangu siku ya kwanza, yaani nani atafanya kazi, na karibu kila kilichofanyika Virginia kwa miaka 100 iliyofuata, hata baada ya kampuni yenyewe kufa, hata yale mabaya kabisa, ukikifuatilia unakuta kilikuwa jaribio la kukijibu.

Meli zilikuwa tatu, Susan Constant, Godspeed na Discovery, ziliondoka London Desemba 1606 zikashusha wanaume na wavulana 104 kwenye kisiwa cha mto ambao waliubatiza jina la mfalme wao. Pale palichaguliwa kwa kuwaogopa Wahispania, maana kina kilikuwa kirefu meli inafungwa kwenye miti ya ukingoni kabisa na adui akija unamwona mapema. Kijeshi sawa. Lakini maji ya kunywa yalikuwa ya chumvichumvi, kinamasi kila upande, na kumbe wameangukia ukame: watafiti waliosoma pete za miti mikongwe ya eneo lile walikuja kusema miaka ya 1606 hadi 1612 ilikuwa mikavu kuliko kipindi kingine chochote cha aina hiyo kwa karibu miaka 770. Kufika Januari 1608 waliobaki hai walikuwa 38 tu.

Sasa angalia nani alipelekwa. Karibu nusu walikuwa mabwana, watu wa ukoo, ambao kwao kushika jembe ni aibu ya familia nzima. Meli zilizofuata mwaka 1608 zikaleta sonara, wasafisha dhahabu, hadi mtengeneza manukato. Mtengeneza manukato, jamani, kwenye kinamasi! Ni kwamba wenye hisa walikuwa wamesikia Wahispania walivyochota Mexico na Peru, wakadhani Amerika yote iko hivyo, basi vijana wakachimba wakajaza meli udongo unaong'aa wakausafirisha mpaka London, ukapimwa, hamna kitu.

Wakati huo chakula kinatoka kwa wenyeji. Nchi ile ilikuwa na mwenyewe, iliitwa Tsenacommacah, makabila kama 30, watu kama 14,000 au 15,000, chini ya mzee Wahunsenacawh ambaye Waingereza walimwita Powhatan. Wanawake wa kule ndio waliokuwa wanalima mahindi, maharage na maboga kwenye shamba hilohilo moja (haya mahindi ya ugali wetu asili yake ni bara lile, na muhogo vilevile), na Waingereza wakawa wanayanunua kwa shaba na shanga, halafu mabaharia nao wakaanza kuuza shaba kimyakimya kwa faida yao mpaka bei ikaporomoka, kibaba cha mahindi kikawa ghali.

Kampuni ikaona dawa ni kumfanya mzee awe mtu wao. Mwaka 1608 wakamtumia taji, joho jekundu, kitanda na beseni kutoka Uingereza, sherehe ikaandaliwa. Kwa maelezo ya John Smith, mmoja wa viongozi wa Jamestown, ambaye alikuwepo na ambaye siku zote ni wa kupunguzwa kidogo maana alipenda kujisifu, mzee aligoma kupiga magoti. Wakamwonyesha inavyofanywa, wakambembeleza mpaka wakachoka wenyewe, mwisho wakamwegemea mabegani akainama kidogo, watu watatu wakamtupia taji kichwani. Bastola ikapigwa, mashua zikajibu kwa risasi, mzee akaruka akidhani ni vita. Alipotulia akampa nahodha Newport zawadi ya kumpelekea mfalme wake: viatu vyake vya zamani na joho lake la ngozi. Kila nikisoma tukio hili huwa najiuliza nani hasa alikuwa anampa nani cheo.

Mahusiano yakaharibika, na mwishoni mwa 1609 wenyeji wakafunga biashara ya mahindi wakaizingira ngome. Ndani walikuwepo watu karibu 300. Masika ya 1610 yalipofika walitoka 60. Walikula farasi, mbwa, panya, ngozi za viatu, na mwisho maiti, na hili halikubaki kuwa umbea maana mwaka 2012 wachimbaji wa mambo ya kale walipata kwenye shimo la taka mabaki ya binti wa miaka kama 14, na mwaka uliofuata wataalamu wa Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, wakatangaza kwamba fuvu na taya vina alama za kisu za mtu aliyekuwa anatafuta nyama. Juni 1610 waliobaki wakapanda meli, wakaihama ngome, wakaanza kushuka mto warudi kwao. Njiani wakakutana na habari kwamba gavana mpya, Lord De La Warr, anaingia na watu na chakula. Wakarudishwa. Ilikosa kidogo tu Virginia ifie hapo.

Jibu la kwanza la kampuni lilikuwa viboko. Zikaja sheria za kijeshi, ukiiba chakula unakufa, ukitorokea kwa wenyeji unakufa. Thomas Dale, kiongozi aliyetumwa kuzisimamia, alipofika Mei 1611 alikuta watu wanacheza mchezo wa kuviringisha mipira barabarani, shamba halijapandwa, akawa mbogo. Yuko mmoja aliyeiba unga wa oti, wakamtoboa ulimi kwa sindano nene, wakamfunga mnyororo kwenye mti mpaka akafa njaa. Wengi wanaoandika habari hizi huishia kusema wale jamaa walikuwa wavivu, mimi sikubali haraka hivyo. Mtu ni mgonjwa, hajashiba, na anacholima kinaingia ghala la kampuni ambako mvivu na mchapakazi wanapata mgao uleule, unategemea nini? Dale huyohuyo alipokuja kuwapa baadhi yao ekari tatu tatu kila mmoja alime kivyake, mahindi yakaonekana.

Halafu ikaja tumbaku na kila kitu kikabadilika. Mlowezi mmoja, John Rolfe, alijaribu mbegu tamu ya visiwa vya Wahispania kama mwaka 1612, maana ile ya wenyeji ilikuwa kali Waingereza hawaitaki. Mwaka 1617 zikasafirishwa ratili 20,000 (ratili moja ni kasoro kidogo nusu kilo), na kabla ya miaka ya 1620 kuisha walishavuka ratili milioni 1 kwa mwaka. Kichekesho ni kwamba mfalme James mwenyewe aliichukia tumbaku, mwaka 1604 aliandika kijitabu kizima cha kuitukana, lakini ushuru wake aliupokea vizuri tu. Jamestown ilivyochanganyikiwa, nahodha Argall aliporudi 1617 alikuta wameipanda mpaka barabarani na uwanja wa soko. Rolfe huyohuyo ndiye aliyemwoa Pocahontas, binti wa mzee Powhatan, ambaye watu wamemtungia mapenzi mengi lakini kumbuka alitekwa nyara 1613, akabatizwa akiwa mikononi mwa waliomteka, akaolewa 1614, kampuni ikampeleka London 1616 kama tangazo la biashara, na Machi 1617 akafia Gravesend, hukohuko Uingereza, kabla hajaiona tena kwao.

Mtu wa Tabora au Urambo hahitaji kuelezwa tumbaku ni zao la namna gani, na hiyo ya mvuke wanayokausha kwenye mabani mpaka leo inaitwa Virginia, ingawa enzi zile kule waliikausha kwa hewa tu. Unaandaa kitalu baridi halijaisha, unahamisha miche mmoja mmoja Mei, unapalilia, unakata vichwa isitoe maua, unang'oa machipukizi, unapita jani kwa jani kutoa viwavi, ukiruka siku chache wameshamaliza, kisha ukate, utundike, ukaushe, uchambue, ushindilie kwenye mapipa. Na baada ya misimu mitatu minne udongo umechoka, unafyeka msitu mwingine. Zao hili halina siku ya kupumzika, na pia linakula ardhi. Kwa hiyo mwenye nacho ni yule mwenye mikono mingi.

Kampuni ikabuni dili mwaka 1618: ukimlipia mtu nauli ya kuja Virginia unapewa ekari 50. Nauli ilikuwa kama pauni 6. Huyo uliyemlipia anakutumikia miaka minne mpaka saba bila mshahara, unamlisha na kumvisha, akimaliza anakwenda zake. Yaani unapata kibarua na shamba kwa pamoja, na kwa sababu ardhi yenyewe ni ya wenyeji ambao hakuna aliyewauliza, haikumgharimu mtu yeyote London. London nayo ikaona fursa ya kusafisha jiji, ikakusanya watoto wa mitaani wapatao 100 ikawapeleka, na walipotafutwa wengine baadhi wakagoma, mwaka 1620 serikali ikatoa ruhusa wapelekwe hata kwa nguvu. Wanawake wakaletwa pia, na mwaka 1621 aliyetaka kuoa mmoja wao alitakiwa kuirudishia kampuni gharama, ratili 150 za tumbaku safi.

Maisha ya hao watumishi tunayajua kwa sababu kijana mmoja, Richard Frethorne, aliwaandikia wazazi wake mwaka 1623. Anasema tangu ateremke melini hajala kitu zaidi ya njegere na uji mwepesi, nyama ya paa anaisikia tu hajawahi kuonja, na kwamba alichokuwa anakula nyumbani kwa siku moja huku ndiyo wiki nzima. Joho lake liliibwa na mwenzake, mwenzake huyo akafa bila kusema amelifanyia nini, ila wengine walimwona ana siagi na nyama ya ng'ombe kutoka melini, na Frethorne anajua kabisa ile siagi ni joho lake. Anawaomba wazazi wamkomboe, na kama hawawezi basi watume hata jibini auze. Ninapoisoma barua ile sioni mtu huru aliyekuja kutafuta maisha mapya. Anahesabika kama mzigo uliolipiwa.

Na bado walikuwa wanakufa kama nzi. Machi 22, 1622 Opechancanough, ndugu yake Powhatan, alivamia mashamba kandokando ya mto akaua walowezi 347 kwa siku moja, maana hesabu yake ilikuwa rahisi, hawa watu na tumbaku yao hawatasimama mpaka watumalize. Walowezi nao walilipiza miaka na miaka, walichoma mahindi shambani, na mwaka 1623 waliita watu kwenye mazungumzo ya amani wakawapa mvinyo wenye sumu. Mwaka 1624 mfalme akaifuta hati, kampuni ikafa. Ilikuwa imepeleka watu wasiopungua 6,000 hivi, waliohesabiwa kuwa hai mwaka uliofuata walikuwa kama 1,200. Wenye hisa hawakupata faida waliyoahidiwa. Ila mashamba yalibaki, na wenye mashamba walishajifunza utamu wa kuwa na watu wa kuwafanyia kazi bure.

Sasa turudi nyuma kidogo, mwishoni mwa Agosti 1619. Meli ya White Lion ilitia nanga Point Comfort, Virginia, ikiwa na Waafrika ishirini na kidogo, walionyang'anywa kutoka meli ya Kireno São João Bautista iliyotoka Luanda kuelekea Veracruz. Wengi wao inaelekea walikuwa watu wa Ndongo, ufalme uliokuwa Angola ya leo, waliotekwa kwenye vita vya gavana wa Kireno Luis Mendes de Vasconcelos na majeshi ya Imbangala, wapiganaji wa hukohuko waliokuwa upande wake. Nahodha alikuwa anahitaji chakula cha safari, akawabadilisha kwa chakula. Mwezi mmoja tu kabla yake, Julai 30, kwenye kanisa la Jamestown, bunge la kwanza la walowezi lilikuwa limekaa. Wengine wanapenda kusema uhuru na utumwa wa Marekani ni pacha kwa sababu ya tarehe hizo, mimi naona hiyo ni tamu kwenye hotuba lakini inaficha kitu, maana miaka arobaini baada ya 1619 sheria za Virginia zilikuwa bado hazijasema Mwafrika ni nani hasa.

Kwa vitendo wengi walitumikishwa maisha, hilo tusijidanganye. Lakini mlango haukuwa umefungwa. Antonio aliletwa 1621, akanusurika uvamizi wa 1622, baadaye akapata uhuru, akaitwa Anthony Johnson, akaoa, na kufikia 1651 alipata ekari 250 kwa ile kanuni ya kulipia nauli za watu. Alikuwa hata na mtu wake mweusi, John Casor, na mahakamani akashinda Casor akabaki kuwa wake maisha. Watu mitandaoni wanaipenda sana hiyo kesi, wanaitumia kusema mmiliki wa kwanza wa watumwa alikuwa mweusi, na huwa wanaishia hapo. Hawafiki 1670, Johnson alipokufa, ambapo baraza la wazee wa mahakama Virginia liliamua kwamba kwa kuwa alikuwa mweusi basi alikuwa mgeni, na ardhi aliyoiacha ingeweza kuchukuliwa na dola.

Kati ya 1651 na 1670 kulitokea nini? Kilichotokea ni sheria, moja baada ya nyingine. Dalili ilikuwepo mapema, mwaka 1640 watumishi watatu walitoroka pamoja kwenda koloni jirani la Maryland wakakamatwa, Mholanzi na Mskoti wakaongezewa miaka minne, wa tatu John Punch, mweusi, akapewa maisha yake yote. Kosa moja, njia moja, hukumu mbili. Halafu akaja Elizabeth Key. Mama yake mtumwa, baba yake Mwingereza aliyewahi kuwa mbunge, na yeye alibatizwa. Mwaka 1656 alidai uhuru mahakamani kwa hoja kwamba kwa sheria ya Kiingereza mtoto hufuata hali ya baba, na kwamba Mkristo hatakiwi kushikiliwa mtumwa. Akashinda, akaolewa na wakili wake.

Wenye mashamba wakaisoma ile kesi vizuri kuliko wanahistoria wengi. Mwaka 1662 bunge likapitisha kwamba mtoto atafuata hali ya mama. Mwaka 1667 likapitisha kwamba ubatizo hauleti uhuru. Yaani zile nguzo mbili alizosimamia Elizabeth ziling'olewa kwa miaka mitano. Na hebu fikiria ile ya 1662 inamaanisha nini shambani: bwana akimlazimisha mtumwa wake wa kike, mtoto anayezaliwa ni mali yake bwana, kosa lake linamwongezea vibarua. Mwaka 1669 wakaongeza kwamba bwana akimuua mtumwa wakati anamwadhibu si jinai, kwa hoja kwamba hakuna mtu atakayeharibu mali yake mwenyewe makusudi.

Kuna watakaonijibu kwamba ubaguzi ulikuwepo kabla, Wareno na Wahispania walishauza Waafrika zaidi ya miaka 100, Waingereza hawakuzaliwa jana. Kweli kabisa, na kesi ya Punch inaonyesha. Ila dharau peke yake haitengenezi mfumo. Gavana William Berkeley mwaka 1671 aliripoti watu 40,000, kati yao watumwa weusi 2,000 na watumishi weupe wa mkataba 6,000. Watu wenye dharau walishakuwepo miaka hamsini na bado vibarua wengi walikuwa Waingereza. Kilichogeuza mizani ni hofu na bei.

Hofu ililetwa na Nathaniel Bacon, mwenye shamba aliyeongoza uasi dhidi ya gavana Berkeley mwaka 1676. Asipambwe, madai yake makubwa yalikuwa kuruhusiwa kuua wenyeji na kuchukua ardhi, hata makabila yaliyokuwa na amani na serikali aliyashambulia. Lakini jeshi lake liliwakusanya watumishi waliomaliza mikataba wakakosa shamba, watumishi walio kazini bado, na watumwa, weupe na weusi, bunduki mkononi, na Septemba 19 wakaichoma Jamestown ikaisha. Bacon akafa kwa kuhara damu Oktoba, Berkeley akanyonga watu 23, na kundi moja la mwisho kukataa kuweka silaha chini lilikuwa la weusi 80 na weupe 20, wakadanganywa na nahodha Grantham wa upande wa gavana. Bei nayo ikafuata: vijana wa Uingereza wakapungua, mishahara kwao ikapanda, huku meli za watumwa zikiongezeka, hasa baada ya ukiritimba wa Royal African Company, kampuni ya Kiingereza ya biashara ya watumwa, kuvunjwa 1698.

Mwaka 1705 bunge likakusanya yote kwenye sheria moja ndefu. Mtumishi mweupe wa kiume akimaliza muda wake apewe mahindi, shilingi 30 na bunduki. Mtumwa akimgomea bwana akafa kwa kipigo, bwana hana kesi. Na kipo kifungu ambacho hakitajwi sana, kwamba farasi, ng'ombe na nguruwe wenye alama ya mtumwa, maana walikuwepo watumwa waliofuga vyao wakiweka akiba ya kujikomboa kama wengine walivyofanya kabla yao, wakamatwe na kuuzwa, na hela itakayopatikana wapewe maskini wa parokia.